Nukta Zilizotua Sikioni

12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama, na kwamba kondakta uliyempa somo la adabu njia nzima ameshapata nafuu. Huku hatujambo. Baba anakusalimu. Goti linamsumbua, ingawa halijamsumbua kiasi cha kumzuia kulisimulia kwa kila anayebisha hodi. Naandika kwa mkono, tarehe juu, pambizo pande zote mbili, kwa kuwa ulishatangaza kwamba ujumbe wa simu ni wa watu wanaokimbizwa.

Asante kwa kuja maabara kwetu. Najua hukuipenda ile miwani. Nilikueleza kazi yake, lakini wakati huo ulikuwa unamwamuru fundi wetu wa mitambo afunge kifungo cha shati, kwa hiyo narudia. Miwani ina kamera mbele inayoona anachokiona mvaaji, na nyingine mbili ndani zinazofuata mboni. Baadaye kwenye kompyuta tunaiona video ya mazungumzo yote, na juu yake nukta nyekundu inayoonyesha jicho lilitua wapi. Watafiti wengine huwaonyesha watu picha za nyuso na kupima macho yao. Sisi tunataka watu halisi, viti viwili na meza, wakizungumza mambo yao. Mpaka sasa tumeona kwamba anayesikiliza humkazia macho msemaji, na anayesema hukwepesha macho akitafuta neno.

Basi jana nimeitazama video yetu mimi na wewe. Shangazi, hukunitazama. Niliposema, nukta ilikuwa kwenye sikio langu la kushoto. Uliposema wewe, sikioni. Nilipokuambia kwamba sitarudi tena kufundisha, kwamba hii ndiyo kazi yangu sasa, sikioni. Hata machozi yaliponitoka, nukta haikuyumba. Ilining'inia pale kama kipuli.

Fundi anasema miwani iliteleza. Huyu fundi tunamwita Sogeza, maana kwake hakuna tatizo lisiloponywa kwa kusogeza kitu kidogo. Mimi nasema wewe umenilea tangu nikiwa na meno ya utoto, na kama kuna mtu duniani anayeweza kumtazama mtu dakika ishirini bila kumtazama, ni wewe. Kama bado umenikasirikia kwa kuacha ualimu, sema. Usiniachie kazi ya kusoma hasira kwenye mashine.

Ni mimi, mwenye sikio,
Mdadisi


2 Machi

Mdadisi,

Marahaba. Mimi mzima. Mwambie kaka yangu kwamba goti ni kiungo cha kutembelea, si cha kuhutubia. Fundi cherehani wa chini amenunua mashine mpya inayonguruma kama inatafuna misumari, na mwenye nyumba amekarabati ngazi. Nadhani ameongeza kipandio kimoja bila kuwataarifu wapangaji, maana kila nikishuka nakikuta mwisho kinanisubiri. Mhariri ameniletea kitabu cha kusoma cha darasa la sita nisahihishe kabla hakijachapishwa. Ni kazi njema, isipokuwa wachapaji wa siku hizi wamegundua wino wa maji. Herufi zimepauka kama nguo iliyofuliwa na asiyeivaa. Na umeme umekuwa dhaifu mno. Taa zinawaka kwa kusitasita, kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Barua yako siirudishi na masahihisho kama ilivyo kawaida yetu. Kalamu nyekundu imekwisha wino. Usifurahi, makosa yapo.

Sasa kuhusu elimu yako ya juu. Kumbe watu wazima wamejifungia chumbani, wakanunua mitambo, wakavalishana miwani, na baada ya jasho lote hilo wamegundua kwamba anayesikiliza humtazama anayesema. Marehemu bibi yako alilijua hilo bila umeme, na alikuwa akilithibitisha kwa kibao cha shavu. Hongereni.

Unauliza kwa nini nililitazama sikio lako. Nilikuwa nachunguza kama lina tundu. Kwa miaka mingi maneno yangu yamekuwa yakiligonga na kurudi yalikotoka, nikaona ni vyema nijiridhishe kwa macho yangu.

Unasema ulilia. Hukutoa sauti. Mtu akitaka kulia mbele yangu na atoe sauti, kama nilivyowafundisha mjibu darasani.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaikunja, kisha sikucheka tena. Baba amesema hatalijadili goti lake kwa wiki nzima. Alimudu mpaka saa nne asubuhi.

Sasa pokea habari njema, maana nimechoka na zile mbaya. Sogeza ameshinda. Unakumbuka kadi nyeupe iliyobandikwa ukutani, yenye nukta nyeusi katikati, tuliyokuambia uitazame kabla hatujaanza? Hicho ndicho kipimo chetu. Mtu akiitazama nukta nyeusi na nukta ya mashine ikatua kando, tunajua miwani haikukaa sawa puani. Hatuna haja ya kurudia. Tunazihamisha nukta zote za video kwa kipimo kilekile, mpaka nukta mbili zikutane. Yako ilitua kando sana, mkono wa kulia. Sogeza amezihamisha nukta zako zote, na sasa, Shangazi, unanitazama machoni mwanzo mpaka mwisho. Hukwepeshi hata unapotafuta neno. Daktari anayetuongoza amesema hajapata kuona mtazamo wa upendo namna hiyo. Utaingia kwenye ripoti yetu ya mwisho wa Julai ukiwa shangazi bora kuliko wote tuliowapima.

Nakiri nilipoona hivyo nilikaa kitini, nikairudia sehemu ile ya kukuambia kuhusu ualimu. Unanitazama machoni, umetulia. Kwa hiyo sikukusoma vibaya wewe. Niliisoma vibaya mashine. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika bila kukosea.

Daktari anaomba uje tena mwezi ujao, tupime mara ya pili.

Mpwa uliyemtazama,
Mdadisi


17 Aprili

Mdadisi,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nina kazi, na mtu mwenye kazi hachelewi, husubiriwa.

Nimefarijika kusikia kwamba sayansi imesema. Ikishasema, watu wenye adabu hunyamaza. Ulisema nilikutazama machoni, basi nilikutazama machoni. Tusiifukue tena habari hiyo. Mpe Sogeza salamu zangu. Ni kijana mwerevu, na kama alivifunga vifungo vyote kabla ya kugundua hayo, nitamheshimu zaidi.

Kuja tena haiwezekani. Wala usije wewe. Nyumba imejaa karatasi. Mhariri amenirudishia kurasa za mwanzo akidai kuna makosa yaliyonipita. Yaliyonipita! Nimesahihisha vitabu tangu yeye akiwa anakula ufutio, leo makosa yananipita kama magari barabarani. Nimemjibu kwamba makosa hayo niliyaacha ili nione kama yeye anasoma. Amesema atakileta kitabu kizima mara ya pili, na safari hii atakaa nami mezani. Sina haja ya mtu wa kukaa nami mezani.

Habari nyingine ni ndogo. Fundi cherehani amefanikiwa mpaka ameajiri msaidizi, mwanamke mrefu, mwembamba, ana kiburi cha ajabu. Husimama mlangoni siku nzima akiwa amevaa gauni jipya, na kazi sijamwona akiifanya. Nimemsalimia Jumatatu, nimemsalimia Jumanne, nimemsalimia Alhamisi kwa sauti ya kuamsha mtaa. Haitiki. Siku ya mwisho nilimwambia kwamba nguo nzuri juu ya mtu asiyejua kuitikia salamu ni hasara ya kitambaa. Hakunijibu, ila fundi alikohoa sana ndani. Hivi ndivyo kazi zinavyogawiwa siku hizi.

Usiniandikie mambo ya miwani tena. Niandikie habari za afya yako.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Afya yangu njema. Goti la Baba limehamia kiunoni.

Umenichekesha kwa habari za msaidizi wa fundi. Mambo ya miwani siandiki, umekataza nami nimesikia, tundu lipo.

Nina ombi dogo la kikazi, lisilohusu miwani. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yenye miraba midogo na nukta nyeusi katikati. Tunataka kuitumia maabara, na tunabishana kama imechorwa vizuri. Wenzangu wanasema ni safi. Mimi nimewaambia kwamba hakuna kazi iliyo safi mpaka Shangazi aikague. Tafadhali ishike kwa umbali wa kusomea, ukiwa umevaa miwani yako ya kusomea. Fumba jicho la kushoto, itazame nukta ya katikati, uweke alama kila penye kasoro. Kisha fumba la kulia, ufanye hivyo hivyo. Usimhurumie mchoraji. Nakuomba uirudishe haraka, kabla wenzangu hawajaichapisha.

Nasubiri maksi,
Mdadisi


24 Mei

Mdadisi,

Marahaba. Karatasi yenu nimeikagua na inarudi ndani ya bahasha hii, ikiwa na alama. Sikutegemea mengi, na hata hayo machache sikuyapata.

Kwanza, jicho la kulia. Mistari ya pembeni ni ya wastani. Inapokaribia katikati imepinda, imeviringika na mingine imefifia, kana kwamba mchoraji alikuwa ndani ya lori kwenye barabara mbovu na wino ukamwishia. Nimezungushia kila penye upotofu. Pili, jicho la kushoto. Hapo ndipo niliposimama, nikatembea chumbani, nikarudi. Katikati hakuna kitu! Mmeacha doa la kijivu. Sijui mlimwaga chai au mlifuta kwa kidole chenye mate. Mnaniambia niitazame nukta ya katikati, nukta yenyewe hamkuichora. Mwanafunzi wa darasa la nne angeona haya kuikabidhi kazi kama hii, na mimi ningemsaidia kuona haya.

Rula ipo duniani, Mdadisi. Ni kipande cha ubao kilichonyooka. Waulize wenye maduka.

Nimetoa maksi tatu kwa kumi, moja ni ya karatasi yenyewe, ambayo ni nzito na nzuri. Rudieni kazi yote.

Mhariri anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kukaa nami mezani.

Shangazi yako


29 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Mistari imenyooka. Niliipiga mwenyewe kwa rula, na nukta ya katikati ipo, nyeusi, kubwa kama punje ya pilipili manga. Nimewaonyesha karatasi watu wote wa hapa maabara. Wote wameona miraba iliyonyooka, na duara zako nyekundu juu yake. Naona na kalamu imefufuka.

Karatasi ile ni kipimo cha macho. Nilikudanganya ili uishike. Ningekuambia ukweli, ungeniambia ulikwisha kupimwa na kwamba daktari alikuwa hajui sarufi.

Msaidizi wa fundi cherehani ni sanamu ya mbao ya kuvalishia nguo. Nimeiona ndani ya duka lake tangu mwaka juzi, haina kichwa. Nilipoisoma barua yako ya Aprili nilicheka mpaka nikafika chini ya ukurasa, ndipo nikaona kwamba mistari yako inateremka, na miwili umeiandika mmoja juu ya mwenzake. Wewe, uliyekuwa ukitupigia mistari ya penseli hata kwenye kadi za harusi. Nikaenda kuifungua tena video, ile ya awali, kabla Sogeza hajaigusa. Katika mazungumzo yetu uliivua miwani mara mbili ukaifuta. Kila ulipoivaa upya, nukta ilirudi sikioni, mahali palepale. Miwani inayoteleza haitelezi mara tatu kwa kipimo kimoja. Aliyeivaa baada yako, miwani ileile, nukta zake zilitua sawasawa. Halafu nikauona mkono wako ukiipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yako.

Tulikuwa watu watatu wenye shahada mbele ya kompyuta, na jicho lilipotuambia kwamba linaumwa, tulilisogeza.

Nimempelekea daktari wa macho ile karatasi. Anasema jicho la kushoto limeathirika sana pale katikati, huenda halitarudi. La kulia, lenye mistari iliyopinda, linaweza kuzuiliwa lisiifuate njia hiyo, kuna sindano, lakini si baada ya mwaka wala baada ya kitabu cha darasa la sita. Sasa. Kwa hiyo nakuja Jumamosi kwa gari la asubuhi, na Jumapili tunarudi wote. Siombi ruhusa. Funga mkoba. Unaweza kunigombeza njia nzima, kondakta atashukuru kupumzika.

Jambo moja linaniuma kuliko yote. Nilikuandikia kwamba hukunitazama kwa sababu ya hasira, nawe ukaniacha niamini. Uliona heri nikudhanie mkatili kuliko nikujue mgonjwa. Ungepewa maksi ngapi kwa hilo, Shangazi, kama ungekuwa mwanafunzi wako mwenyewe?

Mdadisi


18 Agosti

Mdadisi,

Marahaba. Kama unavyoona, nimeandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, kwa herufi za kutangazia mnada. Karatasi tatu kwa barua moja. Mtu akiipata njiani atadhani tunauza kiwanja.

Mimi mzima, wewe mwenyewe umenirudisha mlangoni juzi, kwa hiyo habari ya afya tusijifanye hatuijui. Sindano ya mwisho ilichomwa na yule daktari anayesema "usiogope" kwa sauti ya mtu anayeogopa. Nilimwambia kama mkono wake hauna hakika aketi kwanza. Mistari ya karatasi yako, niliyoibandika juu ya meza, kwa jicho la kulia imeanza kupunguza ulevi. Haijanyooka, lakini sasa inatembea bila kushikwa. La kushoto halijabadilika. Wameniambia lisitarajiwe, nami sikulia, na kama nililia sikutoa sauti.

Mhariri nimemrudishia kitabu chake. Nilimweleza sababu kwa sentensi moja, akataka kunishika mkono, nikamwonyesha mlango, ambao naujua ulipo. Kitabu amepewa mwingine. Nilidhani ningeumia zaidi. Naumia asubuhi tu, nikiketi mezani na hakuna cha kukosoa. Nimeomba radhi kwa ile sanamu. Fundi cherehani anasema mimi ndiye mteja pekee aliyewahi kuisalimia, na ameiwekea kofia juu ya shingo ili nijue upande wa mbele.

Uliniuliza maksi. Sifuri. Sikukuambia kwa kuwa kila anayekuja na habari ya jicho huja na kamba ya kukufungia nyumbani kwake. Kaka yangu angenihamishia kwake siku hiyohiyo, nikazeeke nikilisikiliza goti. Na kitabu kilikuwa bado mezani. Hizo ni sababu, si utetezi.

Sasa nina dai dhidi ya maabara yenu, na nataka lifanyiwe kazi.

Juzi uliniambia kwamba ripoti ilisimamishwa kwa ajili ya video yangu, na kwamba Sogeza anataka kuitupa kwa sababu ina kasoro. Mwambie haina kasoro. Mtu mwenye doa katikati ya jicho akikukazia uso, uso wako ndio anaoufuta. Anabaki na mabega na sauti. Hilo nililigundua mwaka jana mbele ya kioo, bila msaada wa Daktari wenu. Niligundua pia kwamba nikitazama pembeni kidogo, palepale kwenye sikio, uso hurudi. Hauji mzima, huja kwa chini chini kama mtoto aliyechelewa darasani, lakini huja.

Siku ile, uliposema una jambo la kuniambia, nilijua ni la ualimu. Nilitaka kuuona uso wako ukilisema, nijue kama una hakika au unajaribu tu uvumilivu wangu. Kwa hiyo nililishika sikio lako kwa macho yote mawili, mabovu kama yalivyo, na sikuliachia. Nikakuona. Ulikuwa na hakika. Una kidevu cha mama yako unapokuwa na hakika. Nikaamua hapohapo kwamba ualimu umepoteza mtu na sitausemea tena. Machozi ndiyo sikuyaona, ni madogo mno kwa jicho langu.

Kijana wenu akazichukua nukta hizo akazisogeza mpaka machoni pako, mahali pekee ambapo nisingekuona kabisa, akaja Daktari akasifu upendo.

Mwambie azirudishe sikioni, zote, kama nilivyoziweka. Na afunge kifungo.

Shangazi yako